Kinu na Dakika Nne za Kimya

Siku Kinu kilipotoa wateja elfu tatu kwa mchana mmoja, Tusekile alikuwa hajamaliza mteja wake wa pili wa mwezi huo.

Mteja, kwa lugha ya karakana ya hewa ya Ilundo, si mtu. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya kisanduku ukutani mwa kila nyumba, na kazi yake ni kuuomba Mtambo, ule unaochuja hewa ya mji mzima, utoe hewa safi, kusikiliza jibu, kisha kufungua valvu au kuifunga. Tangu mlima uanze kumwaga majivu na mji mzima ujifungie chini ya mapaa yasiyopitisha upepo, hakuna nyumba iliyopumua bila mteja. Na hakuna mteja aliyeandikwa isipokuwa kwa mkono, mstari baada ya mstari, na fundi aliyeweka jina lake juu kabisa. Tusekile alikuwa ameweka jina lake katika nyumba mia nne na sita. Alizihesabu, ndiyo. Nani asingezihesabu?

Sasa alisimama nyuma ya mafundi wenzake, mikono kifuani, akimtazama msichana wa miaka ishirini na tisa akielezea namna ya kumfanya yeye asihitajike.

"Kinu hiki hakina maajabu, wazee wangu. Ni programu inayoandika programu," alisema Subilaga. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomkera Tusekile zaidi, maana mtu mwenye majivuno unaweza kumchukia ukalala vizuri. "Unakipa Kinu maelezo ya huduma. Mtambo unaombwaje, unajibu nini, unajibu ndani ya muda gani. Kinasaga. Huku anatoka mteja, tayari kabisa. Huku anatoka bandia."

"Bandia wa nini?" aliuliza Mzee Ambokile, mkuu wa karakana. Tusekile alijua fika kwamba mzee alikwisha kuelezwa yote. Aliuliza ili binti asikike.

"Mtambo wa bandia, mzee. Hatuwezi kumjaribu mteja kwenye Mtambo wenyewe, tukikosea watu watakosa hewa. Kwa hiyo Kinu kinatengeneza kitu kinachojibu vilevile Mtambo unavyojibu. Mteja anaomba, bandia anajibu, sisi tunatazama kama wanaelewana."

Akabonyeza. Kwenye ubao mkubwa wa ukutani vikawaka vitaa, kimoja kwa kila nyumba ya Ilundo, safu kwa safu, vyote kijani. Mafundi wakaguna kwa mshangao. Mzee Ambokile akacheka kicheko kifupi cha puani, na Tusekile akahisi kama kuna mtu amemvulia nguo hadharani. Kicheko kile alikijua. Zamani kilikuwa chake. Mzee alikicheka miaka ishirini na miwili iliyopita, siku alipomwita mbele ya wote "mkono wangu wa kulia", na tangu hapo hakuwahi kumchekea mtu mwingine hivyo.

Wahenga wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Tusekile hakukonda. Yeye alikuwa wa wale ambao wivu huwanenepesha, wakatembea wamejaa mpaka shingoni.

*

Karakana ile ilikuwa na mila moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Iliitwa kukaa hewa. Fundi akishamwandika mteja mpya, siku ya kwanza huenda mwenyewe kwenye nyumba ile na kukaa humo mchana kutwa, mlango umefungwa, anapumua hewa inayoombwa na mistari yake. Wenyeji hupika ugali, na mama wa nyumba humkabidhi fundi tonge la kwanza kwa mkono wake. Fundi hazembei akijua pua yake ndiyo itakayotangulia.

Tusekile alidhani hapo ndipo Subilaga atakapokwama. Wateja elfu tatu, atakaa wapi? Lakini binti alikuja mezani kwake Alhamisi, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jumamosi tunaanza na nyumba moja. Nimemwomba mzee nikakae hewa mwenyewe, mila isife. Nimechagua kwa Bibi Ikupa."

Tusekile aliweka kalamu chini taratibu. Nyumba ya Bibi Ikupa ilikuwa nyumba yake ya kwanza. Mteja aliyekuwa ukutani pale ndiye aliyempa jina mjini. Ugali wa Bibi Ikupa ndio ugali alioula kila alipotaka kukumbuka kwamba yeye ni mtu. Kumbe hata huo msichana huyu aliutaka.

"Kwa nini huko?"

"Kwa sababu ndiyo kazi yako nzuri kuliko zote, mama. Nikisimama pale ulipokanyaga, nitajua kama Kinu kinafaa." Akasita. "Na nina swali lilelile. Samahani, nimeshauliza mara mbili. Kuna jambo lolote Mtambo unalifanya ambalo halimo kwenye maelezo? Kinu hakijui kitu zaidi ya kilichoandikwa."

Tusekile akamtazama machoni. "Hakuna," alisema.

Naam. Na hapa inabidi tueleze alikuwa anaficha nini, kwa sababu yeye mwenyewe asingekueleza.

Maelezo ya huduma yaliandikwa na waliojenga Mtambo, miaka arobaini nyuma. Yalisema kwamba Mtambo hujibu ndani ya sekunde mbili, siku zote. Yalisema pia kwamba usipojibu, mteja auhesabu kuwa umekufa, afunge valvu ili majivu yasirudi kwa njia ya bomba, na asifungue tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Maneno safi kabisa. Isipokuwa kila baada ya Jumamosi mbili, saa nane mchana, Mtambo husafisha vichujio vyake, na unaposafisha haujibu mtu. Hunyamaza dakika nne. Waliouandikia maelezo labda hawakuwahi kukaa nao Jumamosi.

Tusekile aliligundua hilo akiwa amekaa hewa kwa Bibi Ikupa. Mteja wake alifunga valvu mbele ya macho yake, naye akabonyeza kitufe, akarudi karakana, akaongeza mstari mmoja: Mtambo ukinyamaza, acha valvu ilivyo, subiri dakika tano. Hakumwambia mtu. Wateja wa wenzake waliendelea kufunga Jumamosi kwa Jumamosi, watu wakainuka kubonyeza vitufe huku wakinung'unika, na mji ukaanza kusema kwamba mteja wa Tusekile hakatiki. Chema chajiuza. Ndani ya miaka michache mafundi wengine wakawa wananakili kazi yake yote, na mstari ule ukiwemo, bila kuuliza ni wa nini, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kukiri kwamba wamenakili. Mwishowe hakuna nyumba iliyofunga tena, na jambo lenyewe likasahaulika na kila mtu isipokuwa mmoja.

Angeweza kuliingiza kwenye maelezo siku yoyote. Lakini maelezo yalikuwa ya wote. Mstari ulikuwa wake.

Na sasa Kinu kilikuwa kimesaga maelezo yaleyale pande zote mbili. Mteja aliamini Mtambo haunyamazi, na bandia hakunyamaza hata mara moja, kwa hiyo walielewana kama mapacha waliosimuliwa uongo mmoja na mama mmoja. Vitaa vyote vikawa kijani. Vingewezaje kuwa vingine?

Jumamosi ile ilikuwa Jumamosi ya kusafisha vichujio.

*

Mpango aliupanga vizuri. Saa nane kasoro dakika tano angepita kwa Bibi Ikupa kusalimia tu, kama jirani. Bibi alikuwa hawezi kusimama mwaka wa pili sasa, kifua kimejaa majivu ya zamani. Valvu ingefunga. Subilaga angeduwaa mbele ya kisanduku, akitafuta kosa katika msimbo ambao hakuuandika. Kisha Tusekile angenyoosha kidole chake, angebonyeza kitufe, na kusema kwa sauti ya chini, "Mashine haina uzoefu, mwanangu." Mzee Ambokile angesikia kabla ya jioni.

Hakuna atakayedhurika. Alijiambia hivyo akiosha vyombo, akajiambia tena akitandika kitanda, na mtu asiye na hatia hajiambii jambo mara nyingi hivyo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Mzee Ambokile aliingia karakana amevaa koti lake la sherehe. Alisimama chini ya ubao wa vitaa vya kijani akavitazama kwa muda.

"Subilaga. Majaribio mangapi yameanguka?"

"Hakuna, mzee. Yote elfu tatu mia moja na kumi yamepita. Nimeyarudia jana na leo."

"Basi kwa nini tuanze na nyumba moja?" Mzee akageuka kuwatazama wote. "Miaka yote tumebadilisha nyumba moja moja kwa sababu mkono wa mtu hukosea. Hiki hakikosei. Saa sita tunawasha wateja wapya mji mzima."

Binti alibabaika. "Mzee, mimi ningeomba tuanze na ile moja. Angalau kwa leo."

"Unyenyekevu ni mzuri, ila usiuzidishe."

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hiyo mgema alikuwa na akili zake timamu. Aliyelewa ni msifiaji.

"Mila ni nyumba moja moja, mzee," Tusekile alijikuta akisema.

Mzee alimgeukia, na usoni mwake mlikuwa na kitu kibaya kuliko hasira. Mlikuwa na huruma. "Tuse," alisema, "najua inakuuma. Hata mimi ingeniuma." Mafundi wawili watatu wakatazama sakafu.

Akarudi mezani kwake, masikio yakimwaka moto. Wazo la kwanza, tusimsingizie, lilikuwa hili: waache waone. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu ungesikika mji mzima, na baada yake hakuna mtu Ilundo angetamka neno Kinu bila kutema mate. Kisha, bila kutaka, akaanza kuhesabu. Nyumba elfu tatu, valvu zote zimefunga saa nane mchana kwa pamoja. Wenye nguvu wangebonyeza vitufe na kulaani. Lakini kule Mtaa wa Juu kulikuwa na mzee kipofu aishiye peke yake, ambaye Tusekile alikula kwake mwaka wa mafuriko. Kulikuwa na yule dada wa kiharusi karibu na soko la uyoga. Nyumba za Ilundo ni ndogo na fupi. Mwenye mapafu mabovu hamalizi saa moja ndani ya nyumba iliyofungwa. Aliwajua kwa majina na kwa mapishi yao. Mia nne na sita, na yeye ana kidole kimoja.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

Tusekile alifungua maelezo ya huduma. Fundi yeyote mwandamizi aliruhusiwa kuyarekebisha. Kwa miaka arobaini hakuna aliyewahi. Aliandika: *Kila baada ya Jumamosi mbili, saa nane mchana, Mtambo hunyamaza dakika nne ukisafisha vichujio. Haujafa. Mteja asifunge valvu, asubiri.* Akakiambia Kinu kisage bandia peke yake, na wateja kiwaache walivyo. Kisha akayaanzisha majaribio upya.

Kule ubaoni safu ya kwanza ikageuka nyekundu. Ikafuata ya pili. Zikafuata zote, mpaka karakana nzima ikawa na rangi ya pilipili, na watu wakasimama wakiwa wameshika vikombe vyao. Na tuseme ukweli, Tusekile aliona raha. Kwa muda wa pumzi tatu hivi aliona raha kubwa sana. Kisha akamwona Subilaga amefunika mdomo kwa kiganja, na raha ikamtoka.

"Nani amegusa maelezo?" aliuliza Mzee Ambokile.

"Mimi."

Alisimama, akaeleza. Hakupamba. Alieleza habari za vichujio, za dakika nne, za mstari wake, na lini aliuandika. Alipomaliza, Subilaga ndiye aliyesema wa kwanza, na hakupaza sauti.

"Nilikuuliza mara tatu, mama."

"Uliniuliza."

"Ningewaua watu."

"Ndiyo," alisema Tusekile. "Nilijua."

Mzee Ambokile alikuwa amekalia kiti cha karibu, koti la sherehe limejikunja mabegani. Tusekile alijiandaa kwa matusi, na angeyapokea.

"Miaka ile wateja wangu walikuwa wanafunga Jumamosi, wako hawafungi," mzee alisema mwishowe. "Nilitafuta kosa miezi minane. Nikadhani akili imeanza kuniacha. Ndiyo maana niliacha kuandika, Tuse. Ndiyo maana nilikupa wewe nyumba zangu."

Hilo Tusekile hakuwahi kulijua. Miaka yote alidhani alipewa nyumba zile kwa sababu anastahili.

"Kisage tena," mzee alimwambia Subilaga, bila kumtazama Tusekile. "Wateja na bandia. Kisha nyumba moja tu, kama ulivyosema. Na mwende wote wawili mkakae."

Kinu kilisaga kwa robo saa. Vitaa vikarudi kijani, safu kwa safu. Mstari ule sasa ulikuwa ndani ya kila mteja, elfu tatu mia moja na kumi, na hapakuwa na jina la mtu juu yake.

*

Bibi Ikupa alikuwa hawezi kusimama, ila kupika alipika, ameketi kigodani mbele ya jiko la umeme, mwiko mikononi. Aliwakaribisha kwa shangwe ya mtu asiyepata wageni, akamwuliza Tusekile mbona amepotea, akamwuliza Subilaga ni binti wa nani. Hawa wawili walikaa kwenye mkeka, migongo ukutani, chini ya kisanduku chenye mteja mpya. Hawakuwa wamesemezana njiani.

Ugali ulipakuliwa saa nane kasoro kidogo, na uyoga wa kukaanga pembeni. Bibi akanawa mikono, akakata tonge, akalifinyanga vizuri. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Haya. Nani kamwandika huyu wa leo?"

"Kimesaga Kinu, bibi," alisema Subilaga.

"Kinu hakina mdomo. Nimpe nani?"

Subilaga alikunja ukingo wa mkeka kwa kidole. Tusekile alijua anachokifikiria, maana angekuwa yeye angefikiria mabaya zaidi.

"Mpe mama," binti alisema. "Nyumba hii haitafunga leo kwa sababu ya mstari wake."

Bibi akafurahi. "Mimi nilijua tu," alisema, akaliweka tonge mkononi mwa Tusekile.

Hapohapo taa ya kisanduku ikageuka njano. Mtambo ulikuwa umenyamaza. Mvumo wa hewa bombani ukapungua, ukabaki uzi mwembamba wa sauti, na mafundi wote wawili wakainua macho. Dakika ya kwanza valvu haikufunga. Ya pili haikufunga. Subilaga alikuwa ameacha kupumua bila kujua. Tusekile alishika tonge lake, likimchoma kiganja, kisha likawa vuguvugu tu.

Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwepo palepale, umekaa nao mkekani. Alimwonea wivu msichana huyu kwa Kinu chake, na kwa kicheko cha mzee, na sasa kwa jambo ambalo yeye hakuwahi kuwa nalo katika miaka yake yote ya sifa: kukiri mbele ya watu kwamba mstari huu si wangu. Maneno machache tu, na binti aliyatoa kwa mtu aliyekuwa tayari kumwona anaanguka.

Dakika ya nne ilipokwisha, kisanduku kikalia tiki, taa ikawa kijani, na hewa ikarudi kwa nguvu hata pazia la mlangoni likacheza. Bibi Ikupa hakuwa amegundua lolote. Alikuwa anamega uyoga.

Tusekile akanyoosha mkono wenye tonge.

"Kula wewe, mwanangu," alisema. "Mimi hili nimelila miaka ishirini na miwili."

Subilaga alilitazama lile tonge lililopoa. Akalipokea kwa mikono miwili, akalila lote bila kuchovya.